Chokaa Juu ya Udongo

Jumapili, 19 Oktoba

Nimegeuza chokaa shimoni tangu baada ya alfajiri. Bado inachemka pembeni. Wiki moja itulie, kisha naanza ukuta wa nje. Mgongo unauma. Mikono imekauka mpaka vidole vinapasuka, na mafuta ya nazi niliyokuja nayo yamekwisha zamani.

Tende zimeshavunwa. Mashamba yamenyamaza. Nzi wamepungua, na jioni upepo unauma. Sadiki anasema hii bado si baridi, ningoje nione. Sadiki anajua kila kitu. Ni dereva wa shamba, mchunga kondoo, mtia maji mitende, na sasa mkanyaga udongo wangu. Mrangi wa Kondoa. Tunalala chumba kimoja cha mabati, saa mbili kutoka Riyadh, na hakuna mwingine hapa wa kusema naye Kiswahili. Nisingemchagua.

Bosi alikuja jana kutoka Al-Naseem, mtaa wake wa Riyadh. Alisema mbele ya Sadiki, tena mara mbili: nyumba hii aliyozaliwa mamake ikamilike kabla ya jamaa zake kukusanyika mwishoni mwa Novemba, naye atanipa ruhusa ya kutoka na kurudi. Miezi miwili nyumbani. Miaka minne sijatia mguu Lamu.

Zuhura anaolewa Ijumaa, tarehe 12 Desemba. Ni binti yangu wa pekee. Mimi ndiye walii wake, mimi ndiye wa kumshika mkono bwana harusi nikasema nimekuozesha. Sitaki kulisema neno hilo kwenye simu. Wala sitaki ndugu yangu Ali aliseme mahali pangu. Mwaka wa sita huu hatusemezani, mimi na Ali, na sababu yenyewe siku hizi hata naona haya kuikumbuka.


Ijumaa, 24 Oktoba

Baada ya swala tulichukua pikapu kwenda kuangalia mji mwingine wa kale. Huu ni wa tatu tangu nihamie huku. Hauna kibao, hauna njia. Lami ikaisha, barabara ya vumbi ikaisha, tukaenda kwa miguu kufuata bonde kavu. Kuta za udongo mpaka mwisho wa macho, paa zimeanguka ndani, milango imeibwa. Kisima bado kipo. Mawe ya mdomo wake yamechongwa mifereji na kamba, vidole vinne kwenda chini. Nilitia mkono wangu humo nikasimama kitambo. Watu waliteka maji hapa mpaka jiwe likaliwa, kisha wakaondoka wote.

Msikiti una chumba chini ya ardhi. Unateremka ngazi. Sadiki kaambiwa na wazee wa huku kwamba wakati wa baridi watu walikuwa wakiswali humo, udongo uwatie joto. Ni kweli, kuna joto. Nilitaka kubaki.

Yeye kazi yake ilikuwa kupiga kuta kwa kiganja, kama mtu anayechagua tikiti sokoni. Kwao Kondoa wanajenga tembe, nyumba za udongo zenye paa la udongo, basi anajiona mwenyeji. Kwenye nyumba moja mtu alipiga lipu la saruji miaka ya nyuma. Sadiki akatia vidole kwenye ufa, akavuta. Kipande kizima kikatoka kama gamba. Nyuma yake udongo umekuwa unga. Akaniangalia. Nikajifanya naangalia juu.

Njiani nilimwambia hiyo ni saruji, si chokaa. Kwetu kuna majumba yamesimama kwa chokaa tangu enzi za mababu wa mababu.

"Yamejengwa kwa mawe, fundi," akasema.


Jumatatu, 27 Oktoba

Nimeanza ukuta wa nje. Sadiki bado anasema. Eti udongo upakwe udongo, uchanganywe na majani makavu ya ngano, uachwe upumue. Nimemwambia mimi nilikuwa nikipiga neru, lile lipu laini la mwisho, yeye bado anafukuza ngedere shambani. Akacheka. Hilo ndilo linaloniudhi kwake, hakasiriki.

Niandike ukweli hapa, maana hapa hapana msomaji. Bosi alinipata Jeddah, mji wa kale, nilikokuwa miaka miwili nikitengeneza majumba ya matumbawe. Kule mimi nilikuwa fundi wa mafundi. Mawe yale yale ya kwetu, chokaa ile ile. Aliniuliza kama najua udongo. Nikasema nyumba ni nyumba. Sikuwahi kusimamisha ukuta wa udongo maishani mwangu.


Alhamisi, 6 Novemba

Baridi imefika. Maji ya bomba asubuhi yanaunguza kwa baridi. Natawadha huku natukana moyoni, Mungu anisamehe. Kondoo wanalala wamegandana. Watu wa Riyadh wameanza kuja na mahema, wanawasha moto jangwani na kuuita raha. Mimi navaa makoti mawili, la juu la Sadiki.

Lakini ukuta. Ukuta umekuwa mweupe kutoka kona mpaka kona. Nimepiga timazi mara tatu, haukukosea hata unyoya. Juu ya mlango nimechonga maua kwa ncha ya kisu kama babangu alivyonifundisha. Bosi amekuja kuupiga picha za video. Kaweka mkono begani kwangu. Ameniambia nimpe tarehe ya safari.

Nimempa. Tarehe 5 Desemba.

Nimempigia Zuhura. Alilia. Nami nikalia, kisha nikamwambia ni mafua.


Jumamosi, 15 Novemba

Leo Sadiki amepiga ukuta wangu kwa kiganja.

Nilikuwa ngazini. Nikasikia. Kuanzia kona mpaka dirisha la pili ukuta unalia utupu, mlio wa debe. Hakuna fundi asiyejua mlio huo. Lipu limeachana na udongo. Limesimama peke yake. Na juu, ukingoni mwa paa, kuna ufa mwembamba ambao jana nilijiambia ni unywele.

Sadiki alisema tuubandue wote sasa, tupake udongo, yeye atakanyaga usiku na mchana. Wiki tatu. Nikahesabu. Wiki tatu inapita mkutano wa jamaa, inapita tarehe 5, inafika mpaka mlangoni kwa harusi. Na itabidi nimwambie bosi kwamba sikujua.

Nikasema hapana. Nimeujaza ule ufa chokaa nyembamba na kuupaka mpaka haukuonekana.

Watu wakimwona fundi hawana methali nyingine ila ile ya ufa na ukuta. Nimeisikia tangu utotoni mpaka imenikinai. Leo nimeziba ufa na bado naogopa.


Jumanne, 18 Novemba

Mawingu kusini. Kazi mafi, kama wasemavyo Waarabu wa huku: hakuna. Nimekaa naangalia mbingu kama mwendawazimu.


Jumatano, 19 Novemba

Mvua. Ilianza adhuhuri. Si mvua ya kwetu ya kunyesha na kupita. Ilikaa. Bonde kavu lile limekuwa mto wa rangi ya chai ya maziwa. Mchungaji wa jirani amewatoa kondoo kwa trekta.

Sadiki alipanda juu na turubai, akafunika ukingo wa paa kwa mawe. Alipanda mara tatu. Mimi nilimshikia ngazi tu.


Alhamisi, 20 Novemba

Umeanguka.

Mvua ilikuwa imekatika. Jua limetoka. Saa nne asubuhi, bosi ameshafika, amemleta mamake kwenye kiti cha magurudumu ili aione nyumba yake kabla ya jamaa. Walikuwa hatua thelathini tu. Sauti haikuwa kubwa. Kama gunia la mchele likitupwa chini na mtu aliyechoka. Ukuta wote wa kona mpaka dirisha la pili, na sehemu ya paa juu yake. Vipande vya maua yangu vyeupe juu ya matope. Nyuma ya chokaa udongo ulikuwa uji. Hakuna mtu aliyeumia. Kondoo mmoja.

Bibi hakupiga kelele. Alifunika macho kwa kiganja. Kile chumba ndicho alichozaliwa, bosi aliniambia tangu siku ya kwanza.

Bosi alikuja mpaka nilipo. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. Aliniuliza kama fundi anavyoulizwa: ni chokaa au ni udongo? Chokaa yangu. Udongo wa viraka vya juu, tuliotia kabla ya chokaa, aliuchanganya Sadiki.

Sadiki alikuwa amesimama pale pale, matope mpaka magotini.

"Tini," nikasema. Udongo.

Neno moja.


Ijumaa, 21 Novemba

Wamemchukua Sadiki. Bosi hakupiga kelele hata leo. Alibonyeza simu yake, basi: hati ya kutoka bila kurudi. Mkataba wake ulikuwa na miaka miwili mbele. Ana watoto watatu shuleni. Atasubiri ndege kwa Watanzania wenzake, mtaa wa Manfuha, Riyadh.

Alifunga begi lake kwa dakika kumi. Nilikaa kitandani. Nilitaka anitukane. Nilimwomba Mungu anipige hata kofi. Yeye alifunga zipu, akasimama mlangoni.

"Kamuozeshe binti yako, fundi. Mimi hii baridi ilishanichosha."

Kisha akatoka. Kumbe alijua. Alijua yote pale pale matopeni, akanyamaza kwa ajili yangu.

Mimi ni mtu mbaya. Nimeliandika nilione lilivyo.


Jumatatu, 24 Novemba

Ruhusa imefika kwenye simu. Jina langu, namba ya ikama, kile kibali changu cha kuishi huku, siku sitini. Bosi amenitumia na mkono wa dua.

Mkutano wa jamaa wamehamishia kwenye mahema. Nyumba tutaitengeneza nikirudi, amesema. Amesema pia kwamba mafundi wazuri ni wachache, na kwamba ni kosa lake kunipa mtu asiyejua udongo.


Ijumaa, 28 Novemba

Nimetembea peke yangu mpaka mji ule wa kale. Saa moja na nusu kwa miguu. Bonde limekauka, na majani madogo yameanza kuota kwenye tope lililopasuka. Kuta zao zote zimesimama. Mvua ile ile, siku ile ile. Zimelainika kidogo tu juu, kisha zikakauka. Hakuna anayezitunza. Zangu nilizozipamba zimelala.

Nilishuka kwenye kile chumba cha chini msikitini, nikaswali. Kisha nikakaa. Ndipo yakanijia masharti ya walii, tuliyokaririshwa chuo cha Kurani kwa bakora, mimi na Ali kwenye mkeka mmoja. Walii awe Muislamu, awe baleghe, awe na akili, awe mwadilifu. Asipokuwa mwadilifu haki inamtoka, inakwenda kwa wa karibu yake. Utotoni hili la mwisho lilikuwa neno tu la kumaliza orodha.

Mwenye kumshuhudilia mwenzake uongo, akamtoa kwenye riziki yake ili yeye asafiri, huyo ni mwadilifu wa wapi? Nitamshika mkono kijana wa watu, niseme nimekuozesha, kwa ulimi ule ule uliosema tini.

Nikajiambia kuna toba. Ipo. Lakini mwalimu alisema pia: dhambi ya haki ya mtu haifutiki kwa kulia peke yako, mpaka uirudishe haki ya mwenyewe. Sadiki alinipa ruhusa, lakini sikumwomba samahani. Na kwa bosi bado yeye ndiye mharibifu.

Nimempigia. Namba yake ya huku imezimwa. Ya Tanzania sina. Mwaka mzima chumba kimoja, sikuwahi kuiomba.


Jumamosi, 29 Novemba

Nimekwenda Manfuha kwa lori la mboga. Nyumba kuukuu, nyaya zinaning'inia, kila mlango lugha yake. Nilizunguka mpaka alasiri nikiuliza Watanzania, Watanzania. Wengine walinikimbia wakidhani natafuta wasio na karatasi. Mwishowe mwanamke mmoja wa Tanga anayeuza maandazi akanipeleka.

Sadiki aliondoka Alhamisi.

Vijana wale walinikaribisha chai. Waliniuliza kama mimi ndiye yule fundi wa Lamu. Nikaona sasa nimepatikana. Nikasema ndimi. Mmoja akasema, "Sadiki alitusimulia. Anasema hajaona mkono kama wako wa kuchonga maua."

Sikuweza kuimaliza ile chai.

Wamenipa namba yake ya nyumbani. Nimepiga mara nne njiani. Inaita mpaka inakatika. Labda hakuna mtandao. Labda anaiona.


Jumapili, 30 Novemba

Nimemwambia bosi. Yeye aliketi kwenye moto na wageni wawili, nikamwomba pembeni. Kiarabu changu ni cha vifaa na vyakula, lakini hili halikuhitaji maneno mengi. Si udongo. Chokaa. Sikujua udongo. Sadiki alijua, aliniambia, sikusikia. Mrudishe.

Aliniuliza kwa nini namwambia sasa. Nikasema binti yangu anaolewa. Hakuelewa, na simlaumu.

Kuhusu Sadiki, mafi. Aliyetoka kwa karatasi ile hawezi kuitwa leo wala kesho, na yeye ameshaomba mtu mwingine, wa Bangladeshi. Kuhusu mimi, alitoa simu mfukoni akaifuta ruhusa yangu pale pale. Nyumba kwanza. Mamake ana miaka themanini na tisa, na baridi hii huenda ikawa ya mwisho. Alisema halas, yamekwisha, akarudi kwenye moto.

Nilidhani ningehisi mwepesi. Watu husema hivyo, ukisema kweli unakuwa mwepesi. Sihisi chochote. Sadiki yuko Kondoa bila kazi, ukuta uko chini, Zuhura hana babake. Ukweli wangu umekuja wakati hauna wa kumsaidia.


Jumatano, 3 Desemba

Nabandua chokaa yote iliyobaki. Inatoka kwa vidole. Nusu ya mwezi wa kazi nimeiangusha kwa siku tatu. Nakanyaga udongo pekupeku, maji yakiwa baridi ya kukata asubuhi. Sijui kiasi cha majani. Natia, natazama, natia tena. Nakumbuka Sadiki alikuwa akifinya donge na kulidondosha kutoka kiunoni. Langu linapasuka kila mara.


Jumatatu, 8 Desemba

Nimemwambia Zuhura siji. Hakulia safari hii. Alisema, "Haya, baba." Hilo ndilo lililoniumiza. Amekwisha kuzoea.

Hakuuliza sababu. Ningemwambia nini? Mamake alichukua simu, akauliza, nikasema kazi.


Alhamisi, 11 Desemba

Donge limedondoka leo bila kupasuka. Sikuwa na wa kumwonyesha.

Sadiki hajapokea. Nimemwandikia ujumbe mrefu, nikaufuta, nikaandika mfupi. Nimekudhulumu, nimemwambia bosi kweli, niwie radhi. Alama mbili za kufika zimetokea. Zimebaki hapo.


Ijumaa, 12 Desemba

Nilimpigia Ali kabla ya alasiri. Mimi ndiye niliyepiga. Alipopokea akasema, "Kaka." Nilisikia watu nyuma yake, vikombe, mtoto akikimbia.

Aliniuliza habari za baridi. Nikamwuliza habari za goti lake. Kisha akasema shehe ameshafika, na kwamba inatosha mimi kumfanya yeye wakili wangu kwenye simu mbele ya mashahidi.

"Nisimame kama wakili wako?"

"Hapana," nikasema. "Usisimame kwa niaba yangu. Simama wewe. Simama kama walii."

Ali alikaa chuo kimoja nami, mkeka mmoja, bakora moja. Anajua haki hiyo inamtoka mtu kwa njia ngapi. Nilingoja aniulize nimefanya nini. Hakuuliza. Akasema, "Sawa, kaka," kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeambiwa kuna maiti ndani. Akaiweka simu karibu bila kuizima.

Nilipanda juu ya ukuta mpya, maana chini mtandao unakatika. Nikasikia khutba yote. Nikasikia Ali akisema nimekuozesha Zuhura binti Athman, binti wa ndugu yangu. Jina langu lilipita mara moja, kama jina la baba. Kijana akajibu amekubali. Wanawake wakapiga vigelegele, na mtu akaichukua simu, ikakatika.

Ijumaa si siku ya kazi. Nilishuka, nikavua viatu, nikaingia kwenye udongo.